Fundi Haombi Kilemba

Popote alipoketi kula, Mwajabu binti Ausi aliomba kwanza aonyeshwe chumvi. Awe harusini, awe kwenye mkahawa wa Chalinze akisubiri basi, awe wodini akimuuguza mtu, alichota kidogo kwa ncha za vidole, akaisugua taratibu, akaitazama kwa upande kama anayetafuta mwiba, kisha akaigusisha kwenye ulimi. Ndipo alipotoa hukumu. "Hii imenyeshewa." "Hii si ya huku, ni ya kusini." "Hii wameivuna kabla ya siku zake, ina haraka kama aliyeipika." Wenyeji wake wengine walichukia, wengi walicheka. Hakuiacha tabia hiyo hata daktari alipomkataza chumvi. Aliiomba, akaihukumu, akarudisha kijaluba mezani, akala chakula chake chapwa.

Mardhiya alikua akiyaona hayo. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mwajabu, na mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Mwajabu, ambaye Mungu hakumjaalia kuzaa, alimchukua akamlea katika nyumba yake ya vyumba vitatu pale Magomeni ya Bagamoyo, akamsomesha kwa chumvi mpaka chuo cha ualimu. Mbele za watu Mardhiya alimwita Mama Mkubwa. Walipokuwa wawili alimwita Mama.

Kiwanda alichofanyia kazi Mwajabu kiko kaskazini ya mji, ukishaipita mikoko, mahali ambapo maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yasiyofika magotini na kuachiwa jua mpaka yageuke weupe. Wanaume huikokota chumvi kwa reki na kuibeba, wanawake huichambua. Wakati huo wanawake walikuwa ishirini, wamekaa pande mbili za meza ndefu chini ya paa la bati, na mbele ya kila mmoja vikapu vitatu: chumvi ya watu, ya mifugo, na ya viwanda vya ngozi. Asiyejua huona nyeupe tupu. Mwajabu aliiona iliyoshika tope, iliyochanganyika na chokaa, na ile chungu, ambayo ikiingia kwenye gunia la watu huharibu shehena nzima pamoja na jina la kiwanda. Alikaa kwenye meza ile miaka thelathini na moja, na kumi na minane ya mwisho ndiye aliyekuwa mkuu wake. Wale kumi na tisa wengine, ama aliwafundisha yeye, ama walifundishwa na aliowafundisha.

Na kila mwanafunzi wake alimtolea kilemba. Hiyo ni ada ya kale ya pwani: mwanagenzi akishahitimu humpa fundi wake kilemba, shukrani ya kumtoa ujingani. Kila ufundi una kilemba chake. Kwa wachambuaji wa chumvi kilikuwa doti ya khanga na ahadi moja inayosemwa mbele ya watu, kwamba mwanafunzi hatamwondoa fundi wake mezani maadamu fundi yu hai na bado anataka kukaa. Lakini ada hiyo ina sharti. Fundi haombi kilemba. Fundi hutangaza kwamba mwanafunzi amehitimu, hushukuru, huketi. Baada yake husimama mtu wake, mume au ndugu au mtoto, akakidai kwa niaba yake. Anayejiombea mwenyewe amejishusha mbele ya mwanafunzi wake, na watu humkumbuka kwa hilo hata kama ufundi wake hauna mfano. Mwajabu alilishika sharti hilo kama alivyozishika sala zake.

Basi asubuhi moja meneja wa kiwanda, Bwana Shuaibu, alifika mezani na mhandisi kutoka Dar es Salaam. Jina lake Najim, mtu wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa vizuri, adabu tele.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakaitikia. Tabia, aliyekaa mkono wa kushoto wa Mwajabu na ambaye ulimi wake haukujua likizo, akaongeza, "Marahaba, baba. Umekuja kuoa au kukagua?"

"Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini huku kwenye chumvi?"

"Mikono yenu."

Akawaeleza habari ya akili mnemba. Kamera ingetundikwa juu ya meza, imtazame Mwajabu akichambua, naye awe anasema kwa sauti kwa nini hii huku na ile kule. Mashine ikishaona mara nyingi kiasi cha kutosha, itajua yenyewe.

"Kwa hiyo ni mwanagenzi," akasema Mwajabu.

Najim akafikiri kidogo. "Unaweza kusema hivyo, mama."

"Basi nitamfundisha."

Tabia akaguna. "Mwanagenzi gani asiyekula, asiyechoka, asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani? Mwajabu, huyo si mwanagenzi. Huyo ni mke mwenza."

Meza nzima ikaangua kicheko. Hata Bwana Shuaibu alicheka.

Alimfundisha miezi mitano, wala hakumficha kitu. Jumamosi moja Mardhiya alimpelekea chakula, akamkuta amemwinamia mwanafunzi wake asiye na uso, akimweleza kwa upole ule ule aliomfundishia yeye kusoma juzuu. "Usidanganywe na weupe. Weupe huu ni wa chokaa. Tazama ukingo wake, umelala. Ya kweli ukingo wake hukata." Akachukua punje nyingine, akaionja, akatema pembeni. "Na hii chungu. Hapa sina cha kukuonyesha, baba. Hapa ni ulimi tu, utanisamehe."

Katika mwezi wa nne wa mafunzo Najim alikuja akikimbia na tarakilishi mkononi. Mashine ilikuwa imeipata hata ile chungu. Kulikuwa na ukungu mdogo wa kijivu ndani ya punje, karibu na pembe, ambao Mwajabu mwenyewe hakuwahi kujua kwamba anauona.

"Kumbe jicho lako lilikuwa linajua kabla ya ulimi, mama! Miaka yote hii!"

Mwajabu aliishika punje akaielekeza kwenye mwanga. Akakaa nayo kitambo. "Ndiyo," akasema hatimaye. "Upo. Basi amenipita." Akatabasamu, na Mardhiya, aliyesimuliwa hayo kwa simu jioni yake, alimsikia mama yake akiyasema kwa fahari, kama mwalimu ambaye mtoto wake amefaulu mtihani.

Mwanafunzi alipokaribia kuhitimu, habari nyingine ikafika. Serikali ilikuwa na mpango wa kuvisaidia viwanda vidogo vitakavyofunga mashine za akili mnemba: msamaha wa kodi ya mashine na mikopo ya riba nafuu. Mpango ungejadiliwa bungeni, na kabla ya hapo kamati moja ya Bunge ilikuwa ikizunguka kukusanya maoni ya wadau. Bagamoyo ilipangiwa siku moja, Alhamisi. Bwana Shuaibu alimteua Mwajabu awasemee wachambuaji. Wakati huo ilikuwa imeshajulikana kwamba mashine ikiingia, meza itahitaji wanawake wawili tu.

Jumapili kabla ya Alhamisi hiyo, Mwajabu alikwenda Mapinga, ambako Mardhiya alikuwa akifundisha na kupanga chumba. Mardhiya hakupapenda Mapinga. Kila siku shamba moja lilikatwa viwanja, na kila kiwanja kilizungushiwa ukuta na mtu ambaye hakuonekana mpaka mwisho wa wiki. Mwaka wa tatu sasa alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi Bagamoyo mjini, akae karibu na mama yake, ambaye presha ilikuwa imeanza kumsumbua.

"Wewe ndiye mtu wangu," Mwajabu akamwambia kabla hata chai haijamiminwa. "Utanidaia kilemba."

"Kwa kamati ya Bunge, Mama?"

"Kwa nani tena? Mashine haina mzazi. Mwenye kiwanda anasema anasubiri serikali, serikali inasema inasubiri Bunge. Basi mzazi wake ni Bunge."

Mardhiya akacheka. Mwajabu hakucheka.

"Mimi nitasimama, nitasema amehitimu, nitashukuru, nitakaa. Watauliza kama kuna mwingine. Hao ni watu wazima, wanajua baada ya fundi husimama mtu wake. Hapo utasimama wewe. Waambie waandike katika mpango wao kwamba aliyeifundisha mashine asiondolewe na mashine. Iingie, sikatai, ila tukae nayo, tuisimamie. Sote ishirini, si mimi peke yangu."

"Kwa nini usiseme mwenyewe? Utapewa dakika tano."

"Nikisema mimi nitakuwa naomba. Ukisema wewe, unadai."

Mardhiya aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wake wa ubaoni. Akamsomea. Mwajabu akasahihisha sehemu moja tu: palipoandikwa "wafanyakazi" akataka paandikwe "walimu".

Alhamisi ile Bwana Shuaibu hakuwapa wanawake wengine ruhusa, kwa kuwa ilikuwa siku ya kupakia. Alimchukua Mwajabu peke yake kwenye gari lake, na Mardhiya akaja kwa njia yake kutoka Mapinga. Ukumbi ulikuwa umejaa wenye mahoteli, wauza kamba, wakulima wa mwani, watu wa kompyuta kutoka Dar. Mbele ya wabunge zilipangwa chupa za maji. Na kwenye mstari wa kwanza, miongoni mwa walioandaa mkutano, alikaa ofisa wa elimu ambaye barua ya Mardhiya ya kuomba uhamisho ilikuwa mezani kwake. Wiki iliyotangulia alikuwa amewaambia walimu kikaoni, bila kumtaja mtu, kwamba mtumishi mwenye busara haingilii jambo ambalo wakubwa wameshalipanga.

Mwajabu alisimama akiwa amejitanda khanga mpya.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, na waheshimiwa wageni wetu, asalaam alaikum. Mimi nimechambua chumvi miaka thelathini na moja. Nimefundisha wengi. Mwaka huu nimeletewa mwanafunzi wa chuma, nami nimemfundisha kama nilivyowafundisha wengine, sikumficha kitu. Amehitimu. Namtoa kwa furaha, namshukuru Mungu. Fundi kazi yake ni kufundisha, na yanayofuata si yake kuyasema. Nashukuru kusikilizwa."

Akaketi. Mwenyekiti wa kamati, mtu mpole wa bara, alivua miwani yake. "Ahsante sana, mama. Maneno mazito hayo." Akawaongoza watu kupiga makofi, kisha akauliza, "Yupo mwingine kutoka kwa watu wa chumvi?"

Mwajabu hakugeuka. Angegeuka, ingekuwa sawa na kuomba. Alitazama mbele, mgongo umenyooka, mikono mapajani.

Karatasi mbili zilikuwa mkononi mwa Mardhiya. Ofisa wa mstari wa kwanza aligeuza shingo akatazama nyuma. Labda alimtafuta mtu mwingine. Labda alitazama feni. Mardhiya hakuweza baadaye kuapa kwamba macho yao yalikutana. Alifikiria barua yake, miaka mitatu, chumba cha Mapinga, presha ya mama. Akajiambia atasimama mwenyekiti akirudia swali.

"Hakuna? Haya, ahsanteni. Tuwasikilize wenye mahoteli."

Hakurudia.

Walipofika nyumbani, Mwajabu alivua khanga mpya akaikunja, akaiweka kitandani. Alipoongea hakuwa na hasira.

"Koo lilikukauka?"

"Ndiyo, Mama."

"Maji yalikuwepo," akasema Mwajabu, akaenda kuwasha jiko.

Mpango ulifika bungeni mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa. Siku ya mjadala Bwana Shuaibu aliwapeleka wachambuaji kwenye kibanda cha chai cha kiwanda, akawawashia televisheni, ili waone jinsi jambo lao linavyozungumzwa na wakubwa. Mardhiya alikuwepo, alikuwa ameleta chakula cha mchana, akakaa pembeni ya mama yake kwenye benchi.

Mjadala ulikwenda kama mijadala inavyokwenda. Mbunge mmoja aliuliza kama nchi inasaidia viwanda au inasaidia vyuma. Mwingine akasimama kumpa taarifa. Mzungumzaji akasema haipokei taarifa hiyo. Kengele ikalia akiwa katikati ya sentensi.

"Muda wako umekwisha, Mheshimiwa."

"Mheshimiwa Spika, nimalizie, hawa wanaochambua kwa mikono—"

"Umekwisha, Mheshimiwa. Kaa."

"Aah, mwacheni amalizie!" Tabia akaipigia kelele televisheni. "Ndiyo kwanza kafika kwetu!"

Wakacheka. Kisha akasimama mbunge mmoja wa ile kamati, akatengeneza tai yake.

"Mheshimiwa Spika, wanaosema wananchi wanaiogopa akili mnemba hawakufika Bagamoyo. Mimi nilifika. Tulimsikiliza fundi wa chumvi wa miaka thelathini na moja, Bi Mwajabu Ausi." Wanawake wakashtuka, wakageuka, mmoja akaanza kupiga kigelegele. "Mama yule ameifundisha mashine kwa mikono yake. Akasimama mbele yetu, akasema, namnukuu, 'Amehitimu. Namtoa kwa furaha, namshukuru Mungu.' Hakudai chochote, Mheshimiwa Spika. Hakulalamika. Sasa kama mwenye kazi yake ameridhika, sisi tunaomlilia tunalia kwa niaba ya nani? Naunga mkono hoja."

Meza za Bunge zikagongwa. Kigelegele cha kibandani kilikatika kikiwa bado kinywani. Ilisikika pampu ya maji kule mabwawani.

"Kwa furaha?" akauliza Tabia.

"Nilisema hivyo," akajibu Mwajabu.

"Na sisi ulitusema wapi?"

Mardhiya alifungua kinywa. Aliyahisi maneno yote yamesimama pale, kwamba yalikuwa kurasa mbili, kwamba yaliandikwa, kwamba aliyepewa ayaseme ni yeye. Mkono wa Mwajabu ukashuka juu ya goti lake, ukabana, mgumu na mkavu, mkono wa chumvi.

"Sikuwasema," akasema Mwajabu. "Nilisahau."

"Ulisahau." Tabia akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Watu kumi na tisa umewasahau kama chupi kwenye kamba. Hongera, mwenzetu. Wamekuvika kilemba cha ukoka, tena si mtu mmoja, Bunge zima."

Akatoka. Mmoja mmoja wakamfuata.

Mashine ilifungwa mwezi wa tisa. Ilikuwa na ukubwa wa kabati lililolazwa, ikipeleka chumvi kwenye mkanda na kuipuliza kwa pumzi ndogo ndogo, punje kwa punje, huku watu, huku mifugo, huku ngozi. Haikukosea. Wanawake kumi na wanane waliambiwa ahsanteni, kazi imekwisha. Mmoja alikwenda kuuza chapati kwa madereva wa malori Chalinze, mmoja alirudi kwao Vigwaza kulima, Tabia akaanza kukaanga vitumbua mlangoni pake. Waliobaki ni wawili, na mmoja wao ni Mwajabu. Bwana Shuaibu alimvalisha koti jeupe, akamweka ubavuni mwa mashine. Wageni walipokuja alimtambulisha, "Huyu ndiye mwalimu wake," nao wakapiga naye picha. Najim alipokuja kukagua mashine alimwamkia kwa heshima zote, akamwuliza anaendeleaje. "Mwanafunzi wako hajambo," Mwajabu alimjibu. Wiki ya saba alilivua koti, akalikunja, akaliacha juu ya meza.

Bagamoyo si mji wa kumpiga mtu mawe. Unamnyima. Mwezi wa kumi na mbili Tabia alimwoza binti yake. Siku mbili kabla ya harusi, kama desturi, wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwake na nyungo zao kuchambua mchele wa pilau, kilo mia na kitu. Kila nyumba ya mtaa ilipelekewa mtu wa kuita. Ya Mwajabu ilipitwa. Mwanamke mwenye jicho kuliko wote kutoka Bagamoyo mpaka Saadani hakuitwa kutoa mawe kwenye mchele. Siku nzima alisikia nyungo zikipepeta nyumba ya tatu, na vicheko, na Tabia akimtania mtu. Aliketi kwenye kibao chake uani, mikono imelala mapajani, viganja juu.

Mardhiya aliyaona hayo kwa macho yake, kwa sababu alikuwa amekuja kukaa naye likizo hiyo. Jioni akauliza.

"Kwa nini huwaambii, Mama?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ulituma mtu. Kwamba mtu hakusema."

Mwajabu alikuwa akipaka mafuta mikono yake, iliyopasuka kwa miaka ya chumvi na isiyokubali kufunga. "Niseme mtoto niliyemlea aliukalia ulimi? Watauliza malezi ni ya nani. Bora niwe msahaulifu."

Uhamisho ulitoka mwezi wa kwanza. Mardhiya aliisoma barua amesimama kwenye korido ya shule, mihuri mitatu, jina lake limeandikwa sawasawa, akaikunja akaitia mkobani. Akahamia Magomeni na begi zake mbili. Mama yake alimpokea vizuri, akamwachia chumba cha mbele chenye upepo. Mwezi wa pili presha ilipanda, na mkono wa kushoto wa Mwajabu ukapoteza nguvu. Alijifunza kuchota chumvi kwa wa kulia.

Alifariki Jumatano moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, hospitalini. Jumatatu yake kiharusi kilikuwa kimemrudia na kuuchukua ulimi wake, kwa hiyo siku mbili za mwisho alitazama tu.

Msiba haukataliki. Tabia alifika na sufuria yake kubwa kichwani, akaingia uani bila salamu, akaanza kupanga mafiga. Wengine wa meza walikuja mmoja mmoja, hata yule wa Vigwaza. Wanaume walipolibeba jeneza, na nyumba ikabaki na wanawake, Mardhiya alimfuata Tabia jikoni, akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama: zile kurasa mbili, ofisa wa mstari wa kwanza, swali la mwenyekiti, mkono juu ya goti. Tabia aliendelea kukatakata vitunguu mpaka Mardhiya alipomaliza. Kisha akaweka kisu chini.

"Wanaume hawajarudi makaburini," akasema. "Udongo bado wanautia. Ndiyo unaniambia leo?"

"Alinikataza."

"Alikukataza kusema kwa ajili yake. Mimi je? Miezi tisa nimepita mlangoni kwake nikitazama upande wa pili. Miezi tisa, Mardhiya. Nilimwoza mwanangu bila yeye. Nani atanirudishia?" Macho yake yalikuwa makavu, na vitunguu vilikuwa mbele yake. "Ondoka hapa. Kakae na wageni. Wewe ni mfiwa."

Mardhiya akatoka. Alikaa mkekani na wageni, akapokea mikono yao.

Mara ya mwisho Mardhiya kuzungumza na mama yake ilikuwa Jumapili, siku moja kabla ya kile kiharusi, mchana, dirisha likiwa wazi. Alikuwa ameiandikia kamati barua. Aliijaribu siku nyingi, akachana, akaanza upya, na Jumapili hiyo ikawa tayari. Ilieleza kwamba Bi Mwajabu Ausi hakuitoa mashine ile bure, kwamba maneno yake yalikuwa nusu tu ya maneno, na nusu ya pili ilibaki kwa mtu aliyeogopa. Ilitaja sharti walilotaka liandikwe. Ilisema wanawake walikuwa ishirini, na kwamba walikuwa walimu. Juu palikuwa na jina la Mwajabu, chini lake yeye.

Akamsomea, polepole. Mwajabu alisikiliza akiwa amelala chali, macho kwenye paa. Ilipokwisha, akataka arudiwe mahali pa wanawake ishirini. Akarudiwa.

"Bado kuna nafasi?" akauliza.

"Mpango umepita, Mama. Ila kanuni zake hazijaandikwa. Nafasi ipo, ndogo."

Mardhiya akaanza kuikunja barua. Ndipo Mwajabu alipogeuza uso, akamtazama.

"Ipeleke," akasema. "Ila jina langu lifute, lako libaki."